Simu Niliyomuuzia Kresensia

Mazwi, Sumbawanga
Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Oliva,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatakuachia uondoke kabla hujala mara mbili. Nimefunga kibanda mapema nikaja kukaa hapa mezani. Upande wa bondeni wingu limesimama jeusi tangu saa nane, halisogei wala halinyeshi. Baba yako yuko nje anaziba paa la banda la kuku. Amepita dirishani akaniuliza naandika nini, nikamjibu naandika barua ya Oliva. Akatikisa kichwa akaendelea na misumari yake. Yaliyomo humu hayajui. Nitamwambia leo kabla hujarudi, nikipata pa kuanzia.

Mambo ya kula, kulala na kwenda misa siyaandiki. Umeyasikia tangu utoto, na kama hayakuingia masikioni hayataingia kwa karatasi. Ninachotaka ujue ni kwa nini ile Jumapili nilinyamaza.

Ulikuja pale kibandani umeshika simu yako mkononi, na picha ya ile simu mpya umeifungua kwenye hiyo hiyo simu yako. Ukanisomea sifa zake moja moja. Kamera inayoona gizani. Kioo kisichopasuka ovyo. Chaji inajaa kabla chai haijapoa. Ukasema muuzaji wa pale stendi anapokea ya zamani, unaongezea kidogo, unapewa mpya, na chuoni Dodoma usingependa kuanza na simu iliyochoka. Nilikuwa nakusikiliza vizuri tu, hata nilikuwa nakaribia kukubali. Kisha ukaigeuza simu yako, nikaona mgongo wake umeinuka upande mmoja, kama kifuniko cha sufuria ya uji unaochemka. Ukacheka kidogo ukasema, "Betri imevimba, Mama. Ibane tu, uweke gundi na kava gumu. Muuzaji hatajua."

Nikainuka nikaenda nyuma ya kibanda. Ulidhani nimekasirishwa na gharama. Ukamwambia baba yako kwamba mama anabana. Si hivyo. Maneno uliyoyasema yalikuwa ya kwangu. Niliwahi kuyasema kimoyomoyo, mezani pale pale kibandani, wewe ukiwa darasa la tano, na sijawahi kumwambia mtu.

Unamkumbuka Kresensia, yule mama wa Muze aliyekuwa akituletea mchele. Wewe ulimwita Mama Mchele, naye akawa anakujia na miwa ya kule bondeni. Uliwahi kuniuliza kwa nini aliacha kuja, nikakujibu kwamba watu wakizeeka huchoka kupanda mlima. Kresensia hakuwa mzee. Ananizidi miaka miwili.

Wakati ule nilikuwa na simu nzuri. Nilikuwa nimekaa nayo miaka miwili na haikuwa na kasoro yoyote ila moja, nitakayoifikia. Pale mtaani tulikuwa mafundi simu watatu, wanaume wawili na mimi, na mwanamke ukishika bisibisi wateja hukuangalia mara mbili kabla hawajakuachia simu yao. Mmoja wa wale wenzangu akanunua simu mpya iliyokuwa imetoka. Ilikuwa na kamera mbili mgongoni, inafunguka kwa kidole, na inajaa chaji kwa muda wa kula chakula cha mchana. Wateja wakawa wanasimama kwenye meza yake kuiangalia. Nikaanza kujiambia kwamba hiyo kamera ni ya kazi. Nitaitumia kukuza bodi, nione njia ndogondogo ambazo macho hayazifikii. Na ni kweli, Oliva, inakuza. Sikujidanganya kuhusu simu. Nilijidanganya kuhusu sababu. Nilitaka wasimame kwangu.

Ili niipate ilinibidi kwanza niuze ya zamani. Na ya zamani, mwezi ule ule, betri ilianza kuvimba.

Kazi hii unaijua, umekulia chini ya ile meza. Unajua betri iliyovimba haiponi. Ndani imeshaanza kuoza, inatoa gesi, na gesi haina pa kwenda. Dawa yake ni kuitoa na kuweka nyingine. Betri ya simu ile hapa mjini haikuwepo, ilitakiwa kuagizwa Mbeya, isubiriwe wiki nzima au zaidi. Muuzaji wa ile mpya aliniambia amebakiwa na moja. Sikusubiri wiki. Nilipasha mfuniko moto kidogo, nikaubana kwa vibanio vya nguo usiku kucha, nikaupaka gundi, halafu nikauvalisha kava gumu la plastiki, jeusi, linalobana kila upande. Ukiishika ulikuwa huhisi kitu.

Kresensia alikuwa anatafuta simu kubwa ya kupiga picha mchele wake na kuwatumia wateja wa mjini. Nilimpa aishike. Hata hakuiwasha.

"Si uikague kwanza," nikamwambia.

"Wewe ndiye fundi wangu," akasema. "Nikikagua mimi nitaona nini?"

Nilimtazama akiifunga kwenye kona ya kitenge, akaifutika kiunoni. Nilijua, Oliva. Usije ukafikiri kwamba sikujua vizuri, au kwamba nilisahau. Nilijua, na nikajiambia kwamba labda itakaa mwaka. Nyingine hukaa. Nikajiambia nikipata betri nitamwita niibadilishe. Betri zilikuja, sikumwita, kwa sababu kumwita kungekuwa kumweleza. Na sisi huku juu kuna baridi, betri mbovu inaweza kuvumilia. Kule Muze chini ya mlima joto lake unalijua, hata kuta zinatoka jasho. Hilo nalo nililijua.

Ilikaa miezi mitatu.

Alikuwa ameichomeka kwenye sola, juu ya gunia la mchele, chumbani, mchana. Yeye alikuwa uani anapepeta. Mvua zilikuwa zinaanza na radi ilikuwa inanguruma mbali upande wa ziwa. Akaona moshi unatoka mlangoni. Akaingia, akaiona simu inafuka, akaishika kwa mikono miwili ili aitupe nje. Ikalipuka akiwa ameishika. Lile kava nililolivalisha ili libane likayeyuka likashikamana na viganja vyake na vidole vyote. Nyumba ilikuwa ya nyasi. Majirani walimtoa yeye, nyumba hawakuiwahi.

Nilipata habari siku ya pili, wakati wameshampandisha hospitali huku mjini. Nilikwenda. Nilijiambia njiani kwamba nikifika nitasema. Nilimkuta amekaa kitandani mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, kaka yake yuko kando pamoja na akina mama wawili wa Muze. Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji. Kaka yake akaniambia, "Mama Oliva, tunasikia simu yako inapiga picha safi. Tupigie mikono yake tuwatumie ndugu zetu wa Mpanda, wajue hali ilivyo."

Nikaitoa simu yangu mpya. Nikapiga.

Ndipo nilipojua kwamba kila kilichoandikwa kwenye boksi ni kweli. Picha ilitoka safi. Ukiikuza unaona kila tundu la ngozi, unaona mahali ambapo plastiki nyeusi imebaki chini ya kucha. Ile simu haikunidanganya hata kidogo. Ilifanya kazi yote niliyoinunulia.

Mmoja wa wale akina mama akauliza, "Lakini si labda ni hiyo simu yenyewe?" Kresensia akainua uso akasema kwa sauti ndogo, "Simu nimepewa na Mama Oliva, fundi mwenyewe. Simu haina kosa." Akanitazama kama vile ananipa pole kwa kushukiwa.

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa nimeshika simu mkononi. Nikasema, "Pole, dada. Mungu atasaidia."

Laiti ingeishia hapo ningeweza kusema kosa langu ni kwa mtu mmoja. Lakini moto ukishatokea watu hutaka mwenyewe. Siku mbili kabla ya moto, Kresensia alikuwa amegombana na jirani yake, Bibi Teodora, mjane asiye na mtoto karibu, juu ya mfereji wa maji ya mpunga. Bibi Teodora alimwambia, "Utaona." Mimi nawe tunasema "utaona" mara ngapi kwa siku? Lakini radi ilikuwa imenguruma, na nyumba ilikuwa imeungua, na simu imeshasafishwa kwa ulimi wa Kresensia. Ikabaki "utaona" ya Bibi Teodora.

Huko uendako watakutania. Ukisema unatoka Sumbawanga watakuuliza kama umekuja kwa ungo kama mchawi, na kama ukikasirika utawatumia radi. Cheka nao, ni utani wa nchi nzima. Ila ujue kwamba kwa mwanamke mmoja haukuwa utani. Vijana walienda wakaling'oa paa lake mchana kweupe. Hawakumpiga, wanasema, kana kwamba hiyo ni sifa. Ndugu zake walikuja na pikipiki wakamchukua kwenda Mwazye. Habari hizo nililetewa na wachuuzi wa mchele, nikiwa nimeinamia simu ya mteja, nikawaambia, "Jamani, ndiyo dunia." Kisha nikaendelea kukaza skrubu.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema kimya changu ni kwa ajili yako. Nikisema, kibanda kitakufa, na karo itatoka wapi. Sasa karo imeshalipwa, umefika umri wa kuondoka, na kimya bado kipo. Kwa hiyo hakikuwa kwa ajili yako. Ningekuomba usiwahi kukibeba kama deni, kwa sababu hukukiomba.

Vidole vya Kresensia vilipona vikiwa laini kama karatasi iliyopashwa pasi. Ilipokuja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, mashine haikumsoma. Alirudi mara nne. Mwishowe laini yake ikasajiliwa kwa jina la kaka yake, na hadi leo mtu akimtumia pesa kwa simu linatokea jina la mwanamume. Simu za kugusa nazo hazimsikii vizuri, anabonyeza mara tano kwa kifundo cha kidole. Anatumia kasimu kadogo ka vitufe. Hayo nimeyaona kwa macho yangu Jumatano.

Ndiyo, Jumatano sikwenda kununua mchele kama nilivyokuambia. Nilikwenda Muze. Baada ya wewe kusema "muuzaji hatajua" nilikuwa silali. Nilikuwa namwona akilini yule mtu, sijui ni nani, ambaye angeinunua simu yako kutoka kwa muuzaji wa stendi. Labda ni mama anayemnunulia binti yake. Sikuweza kumpa uso, ndiyo maana alinitisha.

Nilimkuta Kresensia uani. Alinikaribisha kwa Kifipa, akaniletea kigoda, akauliza habari zako. Nikamwambia unakwenda Dodoma. Akafurahi kweli. Nikaona nikikubali maji ya kunywa sitasema, nikasema hapo hapo nimesimama.

"Dada, ile simu niliyokuuzia betri yake ilikuwa imevimba. Nilijua. Nilibana nikakuuzia."

Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akaweka ungo chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kulia, hata kwa kipigo. Nilikuwa nimejiandaa pia, nakuambia ukweli, kwa msamaha. Moyoni nilikuwa nimeshauweka tayari mahali pake.

Akauliza, "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akaitazama mikono yake. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemtaja Teodora. Walikuja kuniuliza hospitali, nikawaambia alisema utaona. Siku wanamchukua nilikuwa nimesharudi, niko kwa kaka. Alipita pale mlangoni na godoro kichwani akiifuata pikipiki, akanisalimia. Nikageuza uso."

Ndipo nikakaa kwenye kile kigoda.

"Mikono nilishaizoea," akasema. "Nilikuwa nasema, mikono imekwenda lakini mimi nimeonewa. Nilikuwa nalala nayo hiyo. Sasa umenichukulia hata hiyo." Akaokota ungo, akashindwa kuendelea, akauweka tena. "Bora ungeniacha niamini ni yeye."

Mwanangu, nilikuwa nadhani ukweli ukichelewa unafika ukiwa umechoka tu. Kumbe unafika umekua. Ningeusema pale hospitali ungekuwa mkubwa kama simu. Nilipomfikishia Jumatano ulikuwa umemeza nyumba ya mtu, na paa, na salamu iliyokataliwa mlangoni, na sehemu yake nikawa nimemtwisha yeye, ambaye hakuwa na kosa la kwanza.

Nirudi kwenye simu yako, maana ndiyo uliyoniuliza, na nisingependa uondoke bila jibu la fundi.

Nimeifungua juzi. Bodi ni nzima. Kioo ni kizima, tachi inaitika kila pembe, nafasi ya kuhifadhia imejaa picha za harusi ya binamu yako na si kitu kingine. Kilichokuwa kimechoka ni betri, na nimeitoa, nimeifukia kwenye ndoo ya mchanga kule nyuma. Nimekuwekea nyingine, mpya, niliyoiagiza Jumatatu. Nimeipima siku mbili. Itakufikisha mwaka wa pili wa chuo bila shida. Ukiweka ile mpya kando ya hii, mpya itafungua vitu haraka zaidi kwa kitambo cha kupepesa jicho, na picha za gizani zitakuwa bora, hilo silipingi. Kioo chake ni kigumu zaidi kweli, nimebadilisha vichache sana vya aina hiyo. Kama utasoma kitu kinachohitaji kamera ya namna ile, nunua, nami nitakuchangia. Kama ni kwa sababu wenzako wataiangalia ya kwako wakiwa wamesimama, basi jua kwamba wiki ya tatu hawatasimama tena. Kwangu ilikuwa ya pili.

Sikukatazi. Ni wewe utakayeamua, na ukiamua kununua sitanuna. Ila kila kipya kinapokuja, mtu hukipokea kwa mikono miwili na hakitazami kile kilichotoka kimekwenda kwa nani. Mimi hapo ndipo nilipopotelea. Muda wote nilikuwa nasoma sifa za ile inayoingia.

Usije ukafikiri kwamba nimekuandikia haya ili nitue mzigo. Nimeshaona mizigo haituliwi hivyo. Nimekuandikia kwa sababu unakwenda kusomea uuguzi, na siku moja mtu atakuuliza kitu mbele ya mgonjwa, na jibu la kweli litakuwa mdomoni mwako, dogo, bado halijakua. Sitakuwepo. Na kama ningekuwepo, unajua sasa kwamba mimi si mtu wa kumtazama ili ujue la kufanya.

Labda ukimaliza kusoma utanichukia kidogo. Haitanishangaza. Utakuwa na safari ndefu ya kuchukia, kutoka hapa hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Dodoma. Ukifika, mjulishe baba yako kwanza, yeye hana kosa.

Jana asubuhi Kresensia alinipigia. Namba sikuifahamu, nikadhani ni kaka yake amekuja juu, nikaacha ilie mara mbili. Ya tatu nikapokea. Hakunisalimia. Alisema amesikia kwamba Bibi Teodora bado yu hai, yuko Mwazye kwa mtoto wa dada yake, macho yamekwisha lakini masikio yanasikia. Akasema, "Siwezi kwenda peke yangu. Na wewe huwezi kwenda bila mimi." Kisha akakata.

Basi lako likishatoka kesho, nitamsubiri hapo hapo stendi ashuke kutoka Muze, kisha tutapanda gari la Mwazye, sisi wawili. Sijui tutaongea nini njiani. Sijui kama kwa mtoto wa dada yake wanatujua kwa majina, na kama wakitujua watatupokea vipi. Wapo wanaume pale, na wamekaa na habari hii miaka mingi. Nimemwomba Kresensia niwe mimi wa kubisha hodi. Amesema hapana, atabisha yeye, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyomnyima Bibi Teodora salamu, na asiyeona humjua mtu kwa sauti.

Ukinipigia kesho mchana usinipate, usiogope mapema. Jioni ukinipigia tena usinipate, mwambie baba yako tumekwenda wapi.

Mama yako